Mwenye betri ya moyo na mlango wa MRI

Kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, mgonjwa huulizwa maswali ya fomu. Ana chuma mwilini? Ana betri ya moyo, yaani pesimeka, kile kifaa kinachowekwa kifuani kuongoza mapigo? Akijibu ndiyo kwa hilo la pili, mara nyingi safari yake huishia hapo. Anarudishwa kwa daktari aliyemtuma, naye anaandika CT scan, picha ya eksirei ya kompyuta, badala yake. Kwa magonjwa mengi CT inatosha. Lakini mtu ambaye miguu imeanza kufa ganzi kwa sababu ya kifua kikuu cha mgongo, CT itamwonyesha mfupa vizuri, huku neva zinazobanwa ndani ya mfupa huo zikionekana kwa shida.

Hofu hii ina chanzo chake. Mawimbi ya redio ya MRI yanaweza kupasha moto ncha ya waya ya betri iliyoshikizwa kwenye msuli wa moyo, na sumaku inaweza kuivuruga betri yenyewe. Miaka ya nyuma wapo waliofariki wakiwa kwenye mashine, wakipimwa bila mtu kufuatilia mapigo yao. Mtaalamu wa radiolojia aliye zamu bila daktari wa moyo karibu, akikataa, simlaumu hata kidogo.

Ila mambo yamebadilika. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha pesimeka ya kwanza iliyotengenezwa ili mwenye nayo aweze kupimwa MRI kwa masharti, na nyingi zinazotengenezwa leo ni za aina hiyo. Ubishi umebaki kwenye zile za zamani. Desemba 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 1,509 wenye vifaa visivyo na idhini hiyo, waliopimwa mara 2,103 kwenye mashine zenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5. Katika vipimo 9, kifaa kilijirudisha chenyewe kwenye mpangilio wa akiba, ule wa msingi wa dharura. Mara nane hali hiyo ilikuwa ya muda tu. Ile ya tisa, betri ilikuwa imebakiza chini ya mwezi mmoja kuisha, ikabadilishwa.

Tisa kati ya 2,103. Wanaopinga wanasema namba hiyo haiwezi kuhamishiwa Kampala hivi hivi, na wana hoja. Wagonjwa wale walichujwa kwanza. Vifaa vyao vilipangwa upya kabla ya kipimo na kukaguliwa baadaye, na mapigo yalifuatiliwa muda wote. Nakubali yote hayo. Ninachouliza ni kuhusu daftari la upande wa pili: nani anawaandika waliorudishwa? Aliyepata madhara ndani ya mashine ataandikiwa ripoti. Aliyepooza kwa sababu uvimbe uligunduliwa kwa kuchelewa, au aliyepasuliwa kwa kubahatisha, haonekani kwenye hesabu ya usalama ya mtu yeyote. Kukataa kunahesabiwa kama kutofanya lolote, ilhali kuna mgonjwa anayebeba matokeo yake.

Kwetu Uganda, kikwazo kikubwa nakiona kwenye kile kikompyuta cha kupangia betri. Fundi huweka kifaa cha kusomea cha kikompyuta hicho juu ya kifua cha mgonjwa, pale betri ilipo, na kubadili mpangilio bila kupasua. Kila kampuni ina chake: cha Medtronic hakisomi betri ya Abbott. Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago inaweka betri hizi na ina watu wanaojua kuzipanga. Mgonjwa anayetoka Arua amesafiri zaidi ya kilomita 450 kwa basi, na nchi haina bima ya afya ya taifa ya kumlipia. Akipangiwa betri leo, kipimo kesho na ukaguzi wiki ijayo, atakata tamaa. Kuna hatari nyingine pia. Wengine wana kifaa cha kushtua moyo unapopiga vibaya; kazi hiyo huzimwa wakati wa kipimo, na mgonjwa asiporudi kuwashiwa, anakwenda nyumbani bila kinga.

Ndiyo maana naona ingefaa itengwe siku moja kwa mwezi, fundi wa betri aende na kikompyuta chake kwenye chumba cha MRI, kila kitu kimalizwe mgonjwa akiwa hapo hapo. Hakuna mashine mpya ya kununua. Kuna gharama, bila shaka: mafundi hao ni wachache, na asubuhi ambayo mmoja yuko MRI, kliniki ya moyo itapunguza wagonjwa. Ningeilipa gharama hiyo.

Kinachoweza kuanza hata kabla ya hapo ni kadi. Iandikwe siku ile ile betri inapowekwa, ionyeshe kampuni, modeli ya betri na modeli ya kila waya, na nakala ibaki kwenye faili. Waya zina uzito sawa na betri katika jambo hili, kwani betri mpya yenye idhini ya MRI ikiunganishwa na waya za zamani za kampuni nyingine, idhini hiyo haihesabiki tena.