Kamati ya uzee wangu iko wapi?

Jumanne nilipeleka suruali yangu ipunguzwe kiuno kwa mzee mmoja anayeshona barazani, Kariakoo. Nikamwamkia, akaitika, na kabla sijakaa akaniambia, "Afadhali umekuja, mwanangu. Hebu nitungie uzi." Pembeni ya cherehani ana kipande cha godoro kilichochomekwa sindano za mkono. Kijana anayeuza maji humtungia zote asubuhi, nyeusi, nyeupe, bluu. Zikiisha, kazi inasimama mpaka apite mteja mwenye macho.

Ana miaka 71. Nikamuuliza atapumzika lini. Akacheka: "Nipumzike nile nini?"

Sijaondoka pale, simu ikalia. "Ndugu mjumbe, zimebaki siku 9, tafadhali punguza ahadi yako." Harusi ya tatu wiki hiyo. Niliahidi dabo, laki na ishirini, kwa sababu bwana harusi tulisoma wote na aibu nayo ina bei.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na kwa kuanzia, nilijikasirikia mwenyewe. Nilipofika nyumbani nikapekua ujumbe wa miamala ya mwaka jana. Harusi, sendofu, kichen pati, vikao vya kamati ambavyo bia yake haihesabiwi: milioni moja na laki nne na kitu. Za kuzeeka kwangu? Sifuri. Halafu mtu kama mimi ndiye anayesema barazani kwamba sisi tuliojiajiri hatuna kipato cha kuweka akiba.

Kipato kipo, kinachokosekana ni kamati. Mchango wa harusi una mwenyekiti, una mweka hazina asiye na haya, una orodha inayorushwa kwenye kundi kila jioni, jina lako likiwa na mkia wa "bado". Uzee hauna kundi la WhatsApp. Mwajiriwa wa kampuni hukatwa kumi kwa mia mshahara haujagusa mkono, mwajiri akaongeza kumi. Mimi ndiye mwajiri, mimi ndiye mwajiriwa, na bosi wangu ni mhuni. Wenzetu maofisini wamegombana miaka na miaka kuhusu kikokotoo, ile hesabu ya kupanga pensheni ya mtu. Sisi hata cha kukokotoa hatuna!

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inatupokea tuliojiajiri, tusiisingizie. Ila pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180. Nina miaka 43. Nikianza mwezi huu nisiruke hata mmoja, nafikisha nikiwa na 58. Nisiruke, mimi mpiga picha wa harusi, ambaye Kwaresima ikigongana na Ramadhani kamera inalala kabatini kama mgonjwa!

Kiwanja? Ninacho, Chanika, na nyasi zake. Huwezi kuuza robo ya kiwanja ukanunue dawa za presha. Watoto? Wana ada zao na wakwe zao. Vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, navipenda, unaweka hela inapopatikana, lakini kwa ulegevu huohuo unaweza kuzitoa ukazinywa.

Najua mnachotaka kuniambia. Harusi hizohizo ndizo zinazonilisha, na nilipofiwa na mama ni watu wa kamati waliobeba kila kitu, hadi maturubai. Haya, nakubali, shingo upande. Sijasema tuache kuchangiana. Ninachouliza ni kwa nini tunajua kumsindikiza mtu ukumbini na makaburini, halafu hiyo miaka ya katikati, macho yakishakwisha, tunamwachia kijana wa maji.

Basi tumeunda kamati. Wapiga picha wanne. Advansi ya kazi ikiingia, kumi kwa mia inakwenda kwenye mchango wa NSSF wa mtu mwenyewe, kwa jina lake, ndipo mafuta ya gari yafuate. Msimu ukiwa mzuri tunalipia na miezi ya ukame. Mweka hazina hashiki senti ya mtu, anashika aibu tu: unamtumia risiti, usipotuma jina lako linapandishwa kwenye kundi na mkia wake.

Jana nimepokea advansi ya harusi ya Bagamoyo. Leo asubuhi, chai haijapoa: "Ndugu mjumbe, risiti iko wapi?" Nimemtukana kimoyomoyo, nikalipa, nikatuma.