1ZZ-FE: injini nzuri inayoachwa ikauke

Hukumu iliyozoeleka juu ya 1ZZ-FE, injini ya petroli ya Toyota ya lita 1.8, ina sehemu tatu: inakula oili, haichongeki (silinda zikichakaa hazipanuliwi ili zitiwe pistoni kubwa zaidi), ikimbie. Anayetafuta Corolla, Premio, Allion au Wish ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ataisikia kwa watu ambao hawajawahi kuifungua injini hiyo, na ataisikia pia kwa mafundi wanaoijua vizuri. Hao mafundi ndio wanaostahili kujibiwa, kwa sababu hawasemi uongo. Inakula oili kweli, na bloku yake, yaani mwili wenye silinda, haichongwi kama za zamani. Ninachopinga ni hiyo sehemu ya tatu.

Toyota ilipoileta mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inaachana na familia ya A, akina 4A na 7A, zenye bloku ya chuma na mkanda wa taimingi. Hii ilikuja na bloku ya aluminiamu, cheni badala ya mkanda, vali 16, kipenyo cha silinda milimita 79 na mwendo wa pistoni milimita 91.5, jumla sentimita za ujazo 1,794. Mwendo huo mrefu unaonekana barabarani: toleo la VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali) kwenye Corolla hutoa msokoto wa nyutonimita 170 kwenye mizunguko 4,200, na nguvu za farasi kama 130 kwenye mizunguko 6,000. Kwa injini nyepesi ya matumizi ya kila siku, hizo si namba za kuonea haya hata leo. Lotus iliifunga kwenye Elise, gari ambalo kila kilo yake imepigiwa hesabu.

Kosa lake liko mahali padogo sana. Kila pistoni ina ringi tatu, na ya chini ndiyo ya oili. Kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu yaliyotobolewa nyuma yake, ndani ya pistoni. Kwenye pistoni za awali za 1ZZ matundu hayo yalikuwa machache na membamba. Oili iliyokwanguliwa haikupata njia ya kutosha, ikabaki kwenye mfereji wa ringi, ikaungua ikawa kaboni. Kaboni ikaziba matundu, kisha ikaigandisha ringi yenyewe. Ringi iliyoganda haikwangui tena, kwa hiyo oili inapanda juu na kuchomwa pamoja na petroli. Ndugu zake wadogo, 3ZZ-FE na 4ZZ-FE, waliugua ugonjwa huohuo. Toyota ilizibadilisha pistoni, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 tatizo lilikuwa limepungua sana, ingawa mabadiliko hayakuingia siku moja kwenye kila gari na kila soko. Mwaka wa gari peke yake hautoshi kukuhakikishia lolote.

Hadi hapo wanaoilaumu wako sahihi. Hilo ni kosa la kiwanda, na mmiliki hana hatia nalo. Lakini injini inayochoma oili bado ni injini inayofanya kazi. Kinachoiua ni hatua inayofuata, na hapo kuna namba moja ambayo naona haijasemwa vya kutosha.

Vitabu vya mmiliki vya Toyota vya enzi hiyo vinataja kiwango cha juu cha kula oili kinachokubalika: lita 1 kwa kila kilomita 1,000. Sasa iweke namba hiyo kwenye injini yenyewe. Oili inayoingia wakati wa sevisi, pamoja na filta, ni lita 3.7. Ukifika kilomita 2,000 umebakiwa na lita 1.7. Ukifika 3,700, kwa hesabu ya karatasi, sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni tupu. Mtu anayebadilisha oili kila kilomita 5,000, na anayejihesabu mwangalifu kwa hilo, angehitaji kuongeza lita 5, nyingi kuliko zile alizoanza nazo, ili kiwango kibaki juu hadi siku ya sevisi. Na gari lake, kwa mujibu wa kitabu, ni zima. Anayefuata vipindi virefu zaidi, vya kilomita 10,000, hesabu yake haihitaji hata kuandikwa.

Naamini namba hiyo imeua injini nyingi kuliko matundu ya pistoni. Inamwambia mmiliki kwamba hali ni ya kawaida bila kumwambia kwamba hali hiyo ya kawaida inamaliza oili yote kabla ya sevisi. Wala si kwamba mtengenezaji aliamini kiwango hicho siku zote. Miaka baadaye, kasoro ya ringi ilipojitokeza tena kwenye 2AZ-FE, injini nyingine ya Toyota, ya baadhi ya magari ya katikati na mwishoni mwa miaka ya 2000, Toyota nchini Marekani iliweka mpango wa kuwabadilishia wateja pistoni na ringi. Kipimo cha kuingia kwenye mpango huo kilikuwa kupoteza zaidi ya kwati moja kwa maili 1,200, yaani karibu lita moja kwa kilomita 1,900. Kiasi ambacho kitabu kilikiita cha kawaida, mpango ule ulikiita ugonjwa unaohitaji kufungua injini, tena ukiwa umefika karibu nusu yake tu. Wenye 1ZZ wengi hawakuwahi kupata kipimo cha namna hiyo. Walipata jina baya tu.

Tazama basi yanayotokea oili ikipungua kimyakimya. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haipimi kiwango, inapima shinikizo. Haiwaki hadi pampu ianze kunyonya hewa, mara nyingi kwanza kwenye kona kali au breki ya ghafla, na kufikia hapo beringi zimeshaonja ukavu. Kabla ya hapo, oili chache iliyobaki inazunguka mara nyingi zaidi, inapata joto zaidi na inachakaa haraka, hivyo kaboni inaongezeka kwenye zilezile ringi. Cheni nayo hukazwa na tensheni inayosukumwa na oili. Shinikizo likiyumba, inalia asubuhi. VVT-i pia huendeshwa na oili kupitia vali yenye kichujio kidogo cha wavu; oili chafu ikikiziba, gari linakosa nguvu na taa ya injini inawaka. Mmiliki anakuja na malalamiko manne, anaambiwa injini hii ina magonjwa manne. Mara nyingi ni ugonjwa mmoja uliokosa kupimwa kwa kijiti cha oili.

Sisemi kila kitu ni oili. Sili ya tensheni ya cheni huvuja kwa nje na kuchafua ubavu wa injini, kazi ndogo. Gasketi ya manifoldi ya kuingiza hewa ikikakamaa hupitisha hewa injini ikiwa baridi na kuleta kodi ya hitilafu P0171, ya hewa kuzidi petroli. Kwenye MR2, gari la michezo la Toyota lenye injini hii, katalisti (visafisha moshi) ndogo zilizo ndani ya manifoldi ya ekzosi zinaweza kumomonyoka, na vumbi lake likivutwa kurudi kwenye silinda linazikwaruza. Hilo la mwisho ni hatari kwelikweli, na mwenye MR2 asilichukulie kirahisi.

Hoja nzito ya upande wa pili ni bloku. Lina zake, yaani kuta za ndani za silinda, ni za chuma lakini ni nyembamba, zimeshikwa ndani ya aluminiamu, na Toyota haikupanga zichongwe: silinda ikipita milimita 79.013, maelekezo ya kiwanda ni kubadilisha bloku. Kwa 7A-FE ungechonga, ukatia pistoni za oversaizi, ukaendelea. Fundi aliyelelewa na injini za chuma ana haki ya kuiona 1ZZ kama chombo cha kutumia na kutupa. Hata hivyo, swali la kuchonga linakuja pale tu silinda zilipokwaruzika, na silinda hukwaruzika injini ikiendeshwa kavu au ikichemka. Ikikamatwa mapema, wakati inakula oili lakini haijawahi kukauka, kuta za silinda mara nyingi zipo ndani ya kipimo. Hapo kazi ni pistoni za toleo jipya, ringi mpya, kusafisha na kuunganisha upya. Ni kazi kubwa, lakini inaondoa chanzo.

Tiba nyingi zinazotolewa badala yake haziondoi chochote. Sili za vali hubadilishwa kwanza kwa kuwa ni rahisi, wakati zenyewe hujitangaza kwa moshi wa bluu wa kuwashia gari lililolala, na oili ya 1ZZ hupotea zaidi safarini. Kuweka oili nzito kunapunguza kasi ya upotevu huku kukiichelewesha kufika kwenye VVT-i na cheni asubuhi. Kununua injini iliyotumika ya umri uleule ndiko kunakonisikitisha zaidi, kwa sababu unalipia pistoni zilezile zenye matundu yaleyale, na historia usiyoijua. Kuangalia vali ya PCV, inayotoa gesi zilizojikusanya ndani ya injini, ambayo ikikwama huongeza ulaji wa oili, ni jambo la dakika chache na linapaswa kutangulia yote hayo.

Na anayekagua gari kabla ya kununua asitulizwe na kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda. Kompresheni inashikiliwa hasa na ringi mbili za juu. Ya oili inaweza kuwa imeganda kabisa na namba zikatoka nzuri, hata nzuri kupita kiasi kwa sababu ya oili iliyo juu ya pistoni. Plagi zenye kaboni ya mafuta na mdomo wa ekzosi wenye masizi yenye unyevu wa oili vinasema ukweli zaidi. Kinachosema ukweli wote ni oili iliyojazwa hadi alama ya juu, kilomita zikaandikwa, ikapimwa tena baada ya 1,000.

Kwa gari linaloendeshwa na watu wanaopokezana, ambalo hakuna anayefungua boneti kati ya sevisi na sevisi, nakubaliana na wanaosema ikimbie. Pistoni za awali hazitamsamehe mtu wa namna hiyo. Kwa mwenye gari anayechomoa kijiti kila anapojaza tangi, 1ZZ inayokula nusu lita kwa kilomita 1,000 inaweza kuendelea kufanya kazi kwa miaka, na uamuzi wa kuifungua utakuwa wake, kwa wakati wake, silinda zikiwa bado nzima.