Je, seli T huzaliwa zinaijua tishu ya mwili, au hufunzwa?

Mwaka 1974, watafiti Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, wakiwa Canberra, Australia, walichapisha matokeo yaliyobadilisha somo zima la kinga. Walichukua seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazoua seli zilizoambukizwa, za panya wenye virusi vya homa ya uti wa mgongo, wakazikutanisha na seli nyingine zenye virusi hivyohivyo. Seli zenye aina moja ya tishu na hizo T ziliuawa. Zenye aina tofauti zilisalimika, ingawa zilikuwa na virusi. Baadaye ikajulikana kwamba seli T husoma kipande cha protini ya kirusi kikiwa kimeshikwa na molekuli ya tishu, ambayo kwa binadamu huitwa HLA.

Lakini kwa nini seli T ing'ang'anie molekuli hiyo? Upande mmoja unasema ni urithi: jeni za vipokezi vyake zimeumbika kuelekea tishu. Mtafiti wa kinga Niels Jerne alitoa wazo hilo mwaka 1971, na lina nguvu, kwa sababu hata seli T ambazo bado hazijapita kwenye mchujo wa thaimasi, tezi iliyo kifuani, huonyesha mwelekeo huo.

Upande wa pili unasema ni mafunzo ya thaimasi. Huko, protini ziitwazo CD4 na CD8 hushika molekuli ya tishu na kusogeza kimeng'enya cha Lck karibu na kipokezi. Bila Lck hakuna ishara, na seli isiyopata ishara hufa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wasio na CD4, CD8 wala molekuli hizo za tishu bado hutengeneza seli T, kwa kuwa Lck haishikwi tena na CD4 na CD8, na baadhi yake hutambua antijeni (kitu kinacholengwa na kinga) bila kuhitaji molekuli ya tishu kabisa.

Mimi naegemea thaimasi. Kama urithi ungekuwa ndio kila kitu, seli hizo zisingepatikana. Hata hivyo jaribio hilo halifuti mwelekeo wa kuzaliwa. Linathibitisha tu kwamba si sharti.

Vyovyote iwavyo, sharti la tishu lina gharama kwa wagonjwa. Tebentafusp, dawa ya saratani ya jicho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, hufanya kazi kwa wenye HLA-A*02:01, aina mojawapo ya HLA, pekee. Aina hiyo imeenea zaidi Ulaya kuliko Afrika, na tiba nyingine za namna hii zinaendelea kubuniwa kwa kuilenga hiyohiyo.