Gesi ya kina kirefu na sponji ya miaka 11,000

Ukiuliza Lindi habari za mradi wa kusindika gesi Likong'o, jibu litaanzia kwenye ajira. Ni haki yao: watu wameacha mashamba kuupisha mradi, miaka inakwenda, vijana bado wanasubiri. Lakini gesi yenyewe iko chini ya bahari, na akitokea wa kusema sakafu ya bahari nayo ikaguliwe vizuri, huambiwa anazuia maendeleo kwa ajili ya sponji. Hapo hatumtendei haki.

Sponji ni mnyama. Mchukue Monorhaphis chuni, ambaye meli ya Kijerumani Valdivia ilimpata nje ya pwani ya Afrika Mashariki katika safari yake ya 1898 hadi 1899. Amejijenga kwenye ufito mmoja wa silika, kioo kitupu, uliochomekwa kwenye tope la chini, na mwili umeuzunguka kama nyama ya mshikaki. Ufito huo hufikia mita 3, unene karibu sentimita 1, na ndani yake kuna mamia ya tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine.

Mwaka 2012 wanasayansi walikadiria kuwa ufito mmoja kutoka bahari ya China Mashariki una miaka 11,000, pengine 3,000 zaidi au pungufu. Haya, tuipunguze yote 3,000. Inabaki 8,000! Hakuna ukuta Kilwa Kisiwani unaokaribia umri huo. Na tabaka zake zimehifadhi kumbukumbu ya joto la maji kwa muda wote huo.

Anaishi kati ya mita 500 na 1,900 hivi. Visima vya gesi vya Pweza na Chewa, nje ya pwani ya kusini mwa Tanzania, vilichimbwa kwenye maji ya zaidi ya mita 1,000. Vifusi vya uchimbaji hutua chini, na sponji hula kwa kuchuja maji; baadhi ya sponji za kioo zikiingiwa na tope husimamisha kuchuja kabisa. Samaki atakimbia, yeye hawezi.

Kweli, kisima kimoja huchukua eneo dogo, na bahari ni pana. Ila uzalishaji unataka visima vingi, na mabomba hadi nchi kavu. Roboti zenye kamera hushuka huko kwa kazi za uchimbaji. Picha zake zipitiwe na wataalamu wa bahari kabla ya kuchimba, na penye sponji nyingi kisima kisogezwe. Kijana wa Mchinga hatakosa kazi kwa hilo.