Je, Bado Kuna Haja ya Kuwavisha Pete Ndege wa Mida?

Maji yanapojaa katika Hori ya Mida, kusini mwa Watamu, ndege wa ufukweni waliotawanyika kwenye matope hubanana karibu na mikoko kusubiri maji yapwe. Hapo ndipo watafiti hupata nafasi. Nyavu nyembamba hutandazwa gizani, ndege akinaswa huchomolewa kwa vidole, hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa, kisha hupimwa bawa na mdomo, huwekwa kwenye mizani, hutazamwa manyoya yaliyochakaa na yanayoota, na mguuni hufungwa pete nyepesi yenye namba. A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi lenye kituo chake cha Mwamba pale Watamu, limeifanya kazi hii kwa miaka mingi.

Wapo wapenzi wa ndege wanaouliza kwa uchungu: kwa nini tuwashike kabisa? Siku nzima yenye darubini nzuri inatuonyesha nani amefika na yuko wapi, bila kumgusa kiumbe yeyote. Swali hili si la kubezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, kwa kumbukumbu za vituo vya Marekani na Kanada, ulikuta kwamba ndege wanaoumia au kufa nyavuni hawafiki hata mmoja kwa kila mia. Ni wachache, ila si sifuri. Tena ndege wa miguu mirefu, kama sululu, wana hatari yao ya pekee: wakikaa mfukoni muda mrefu, misuli ya miguu hukakamaa, na wengine hawasimami tena.

Kuna pia somo la pengwini wakubwa wa visiwa vya Crozet, kusini mwa Bahari ya Hindi. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba, katika miaka 10, waliofungwa bangili kwenye bawa walipungua kuishi kwa asilimia 16 na kupata makinda pungufu kwa asilimia 39 kuliko wenzao wasiofungwa. Bangili ya bawani inayokinza maji si sawa na pete ya mguuni, na wanaoutumia ushahidi huo kupinga pete zote wanavuka mpaka. Hata hivyo unatufunza kwamba alama tunayoidhani haina uzito lazima ipimwe, isiaminiwe tu.

Upande wa pili una hoja nzito, nami ndiko ninakoelemea. Tangu Mdenmarki Hans Christian Mortensen awavishe ndege pete za alumini zenye namba na anwani mwaka 1899, tumejua mambo ambayo jicho peke yake lisingeyajua. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Albatrosi, ndege wa baharini, wa kisiwa cha Midway katika Pasifiki, aitwaye Wisdom, alivishwa pete mwaka 1956, akiwa tayari mkubwa, na mwaka 2024 alitaga tena. Darubini inakwambia kuna ndege mia. Haikwambii kama ni wale wale wa mwaka jana, au kama wazee wanakufa na makinda hayaji. Anayetaka kujua kwa nini idadi inashuka anahitaji kumtambua ndege mmoja mmoja.

Vifaa vya setilaiti vimeleta maajabu: mwaka 2022 chokowe mmoja mchanga alifuatwa kutoka Alaska hadi Tasmania, zaidi ya kilomita 13,000 bila kutua. Lakini kifaa hicho nacho hakifungwi bila kumkamata ndege, ni kizito kuliko pete, na bei yake hairuhusu kuvishwa mamia. Kwa hiyo hakiondoi swali la nyavu.

Pale Mida ugumu unazidi kuelekea Aprili. Ndege wanaokwenda kuzaliana Siberia huwa wananenepa upesi, na uzito wao wakati huo ndio unaotueleza kama matope ya hori yanawalisha vya kutosha. Ndio wakati huohuo ambapo kila saa ya kula waliyonyang'anywa inawagharimu zaidi. Naona haki ni kunasa wachache, kuwatoa kwanza wenye miguu mirefu, na kukunja nyavu mara tu mifuko inapozidi mikono ya wenye ujuzi, hata kama wageni wamekuja kutazama. Mikono iliyofunzwa ndiyo kinga ya kwanza ya ndege.

Jambo lingine linanisumbua zaidi kuliko nyavu. Pete isiyosomwa imembebesha ndege mzigo bure, na pwani yetu wanaokutana na ndege waliokufa si wataalamu, bali ni wavuvi na watoto wanaookota kaa. Tayari kuna msingi mzuri: mpango wa ASSETS unaotoa karo kwa wanafunzi wanaoishi kandokando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke umewafanya wazazi wengi waone faida ya mikoko iliyosimama. Kila banda la kupokea samaki hapo lingebandikwa tangazo la Kiswahili, lenye picha ya pete, namba ya simu, na ahadi kwamba aliyeleta habari ataambiwa ndege wake alivishwa pete wapi na lini.