Makocha wa Dodoma, mnafichana nini?

Jumamosi iliyopita, kwenye mechi ya soka ya vijana huku Nkuhungu, dogo mmoja alishika nyama za paja akaomba kutoka. Kocha wake akamfokea aendelee. Karibu yangu alisimama kocha wa timu nyingine, mzoefu, anayejua kabisa kwamba msuli ukishavutika ukalazimishwa kukimbia, unaweza kuchanika. Nikamuuliza mbona hasemi kitu. "Si timu yangu, kaka."

Jibu hilo limeniudhi mpaka leo.

Tuna makocha wanaopokezana uwanja mmoja, huyu saa tisa, yule saa kumi na moja, na hawajawahi kukaa wakaulizana: mwenzangu, hili wewe unalifanyaje? Wote wanasubiri kozi. Kozi ni muhimu, sibishi, na asiye na leseni akasome. Lakini nani kwenye kozi atakufundisha kuwapa vijana mazoezi ya kasi Septemba hapa kwetu, wakati mvua ilikatika tangu Aprili au Mei na uwanja umekuwa mgumu kama saruji? Anayejua ni mwenzako ambaye wachezaji wake waliumia magoti msimu uliopita, akapunguza mbio, wakapona. Anajua, ila hakuna aliyemuuliza!

Wade Gilbert na Pierre Trudel waliwafuatilia makocha sita wa vijana huko Kanada, wakachapisha utafiti wao mwaka 2001. Waliona kocha hujifunza kwa kulitafakari tatizo lililomkuta kazini, kutafuta njia, kuijaribu na kuipima. Na moja ya mambo yanayoamua tafakari hiyo ifike wapi ni kama ana wenzake wa kuwauliza. Sisi wenzetu tunao, tena mita chache tu.

Najua hofu iliyopo: leo nikuoneshe mbinu, Jumapili unifunge nayo. Haya, mipira ya adhabu ificheni. Lakini kupasha misuli? Programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+ ni ya dakika 20 tu, haina siri yoyote, na ipo kwa ajili ya kuwakinga wachezaji na majeraha.

Siku timu zinapopumzika, kutaneni, hata mkiwa watatu. Kila mmoja aanze na lililomshinda wiki hiyo, ushindi wake ausimulie baadaye. Waiteni na wa netiboli. Waiteni na wa riadha: jirani zetu Singida wametoa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni 2025, na kocha wa mbio anaijua misuli ya paja kuliko wengi wetu wa soka.