Zanskar Imepata Wilaya. Nani Atabaki Ofisini Theluji Ikianguka?

Tarehe 26 Agosti 2024, Waziri wa Mambo ya Ndani wa India, Amit Shah, alitangaza kwamba Ladakh, eneo la milima mirefu kaskazini mwa nchi hiyo, litaongezewa wilaya tano: Zanskar, Drass, Sham, Nubra na Changthang. Hadi wakati huo eneo hilo, ambalo sensa ya 2011 ilihesabu wakazi wake kuwa chini ya 300,000, lilikuwa na wilaya mbili tu, Leh na Kargil. Mimi nitaizungumzia Zanskar, bonde ambalo watu wake walidai wilaya kwa miaka mingi.

Mkazi wa Padum, mji mkuu wa bonde hilo, alipohitaji huduma ya makao makuu ya wilaya, alisafiri kilomita zipatazo 230 hadi Kargil, akivuka mlima kwenye njia ya Pensi La iliyo katika kimo cha mita 4,400 hivi. Hapo tunazungumzia kiangazi. Theluji ikishaanguka, barabara hiyo hufungwa kwa miezi, na kwa vizazi vingi njia ya kutoka bondeni ilikuwa ni kutembea juu ya mto ulioganda, njia iitwayo Chadar, yaani shuka, huku wasafiri wakilala mapangoni kandokando ya mto. Tena njia hiyo huelekea upande wa Leh, wala si Kargil lilikokuwa faili lake. Jina likikosewa herufi moja kwenye hati ya shamba mwezi wa Novemba, marekebisho yalingoja barabara ifunguliwe.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba watu wapatao 14,000 ni wachache mno kupewa wilaya. Hesabu ya vichwa inafaa tambarare. Milimani kipimo cha haki ni siku za safari.

Ninachokihofia ni kingine. Wilaya mpya kwa kawaida huanza maisha kwa kuazima magari, watumishi na hata mihuri ya wilaya mama, na bonde lenye baridi kali halitavumilia mwanzo wa namna hiyo. Watumishi wakipangiwa Padum kisha wakatafuta ruhusa ya kushuka kila Novemba, mwananchi atakuwa amesogezewa jengo tu. Ningeanza na nyumba za watumishi zenye joto la kutosha, kisha masjala ya ardhi. Ofisi ya mkuu wa wilaya yenye bendera na zulia inaweza kungoja.

Tena kuna suala la fedha, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Leh ilipata baraza lake la kuchaguliwa la maendeleo mwaka 1995, na Kargil mwaka 2003, na mipango ya Zanskar imekuwa ikipitia baraza la Kargil. Mkuu wa wilaya huteuliwa. Baraza huchaguliwa na ndilo linaloamua shule ipi ijengwe kwanza. Zanskar ikipewa la kwanza bila la pili, itasaini vyeti vyake yenyewe na kuendelea kuomba barabara zake kwa jirani, ingawa tangu Machi 2024 barabara ya kutoka Nimmu, karibu na Leh, hadi Darcha, katika jimbo jirani la Himachal Pradesh, inayopita Padum imekwisha kuunganishwa, na safari ya Leh haimlazimu tena mtu kuzunguka Kargil.